Miwani ya Daktari Matthew

Somo: Wafilipi 2:25–30, Nehemia 4:9

Wiki hii sina mahubiri mapya. Narudia yale ya Jumapili ya Vijana kwa sababu niliyahubiri nusu. Mnakumbuka siku ile nilisimulia habari za daktari wa Gulu aliyekubali kufa na wagonjwa wake, na mwisho nikaita vijana mbele, wale wanaosomea uuguzi, maabara na utabibu, wajitolee kwenye kambi ya matibabu ya kanisa. Walitoka 19. Watu walilia. Mimi pia nilishuka madhabahuni nikijiona nimehubiri.

Jumanne baada ya kambi, mama mmoja wa kanisa hili alinifuata ofisini. Hakukubali chai. Alikaa kwenye kile kiti cha plastiki karibu na mlango, akaniambia kwamba ile hadithi ya daktari aliitafuta kwa simu akaisoma mpaka mwisho, na ati mimi niliikatia katikati. Nilianza kujitetea kwamba muda uliniishia. Akanitazama tu. Ukweli ni kwamba ile sehemu niliijua na niliiacha, maana nilidhani ingepunguza moto wa ujumbe. Kwa hivyo leo nasimulia yote, na habari za huyo mama na binti yake zitafika mahali pake. Wote wawili wamesoma karatasi hii kabla haijachapishwa na wameniruhusu. Anayewajua, tafadhali, asiende kuuliza maswali.

Daktari Matthew Lukwiya alizaliwa tarehe 24 Novemba 1957, Kitgum, kaskazini mwa Uganda, katika jamii ya Waacholi. Baba yake alikuwa mchuuzi wa samaki, akafa maji Matthew akiwa na miaka 12. Mama alishika biashara ndogondogo za kukimbizana na maisha, mojawapo ikiwa kuvusha majani ya chai kwa baiskeli hadi Sudan bila kupitia kwa watu wa ushuru. Alijaribu kumfundisha kijana kazi hiyo. Lakini huyu kijana shida yake ilikuwa kichwa: akawa wa kwanza shuleni, akawa wa kwanza wilayani, mitihani ya taifa ilipokuja akawa pale juu kabisa. Ufadhili mmoja ukamvuta hadi mwingine mpaka akaingia chuo cha udaktari Makerere. Mtu aliyelelewa Kariobangi au Dandora na mama wa kuuza mboga ataelewa jambo hili bila mimi kulieleza.

Mwaka 1983 alifika Hospitali ya St. Mary's, Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu, akiwa daktari mwanagenzi. Hospitali ile ilianzishwa na wamisionari Wakatoliki mwaka 1959. Tangu 1961 iliendeshwa na mume na mke, Piero Corti kutoka Italia na Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada. Haikuwachukua muda kuona kwamba yule mwanagenzi ndiye wa kuachiwa kazi yao. Yeye mwenyewe hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti. Nalisema hilo kwa ajili ya wale ndugu zetu ambao wakisikia hospitali ya Wakatoliki huuliza kwanza sanamu ziko wapi.

Sasa kumbukeni ni mahali gani hapo. Kuanzia 1986 Acholi yote ilikuwa vita. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi wa Joseph Kony waliingia hospitalini wakitaka kuwachukua masista wa Kiitaliano. Matthew alizungumza nao mpaka wakakubali wamchukue yeye badala yao. Alitembezwa porini wiki nzima akiwa na lile koti lake la udaktari, kisha wakamwachilia. Aliporudi alifungua geti la hospitali kwa kila aliyeogopa kulala kwake. Kuna miaka ambapo watu wapatao 9,000 walikuwa wanaingia jioni na mikeka na watoto, wanalala uani, asubuhi wanarudi mashambani. Wakati mwingine bomu la kurushwa lilitoboa paa la nyumba yake usiku familia ikiwa imelala ndani. Halikulipuka.

Sehemu hiyo niliihubiri vizuri sana. Niliihubiri pia safari yake ya 1990, alipoenda Liverpool kusomea shahada ya uzamili katika magonjwa ya watoto ya nchi za joto. Alifanya vizuri kuliko kawaida mpaka wakamwomba abaki afundishe. Akakataa, akarudi Lacor. Mimi nilisomea biashara, na darasani tulifundishwa kwamba gharama ya jambo ni pamoja na kile ulichokiacha ili ulifanye. Hebu piga hesabu ya mshahara wa Uingereza kwa miaka 10.

Kitu ambacho sikukitaja hata kidogo ni Daktari Lucille. Mama huyu alipasua majeruhi wa vita miaka na miaka, na mle chumba cha upasuaji akapata virusi vya Ukimwi. Aliendelea kufanya kazi akijua. Alikufa Agosti 1996 na kaburi lake liko pale pale Lacor, uani. Kwa hiyo Matthew alipokuwa anawafundisha manesi vijana namna ya kushika sindano na damu, hakuwa anasoma kitabuni tu. Alikuwa amemwona mwalimu wake akipungua.

Desemba 1998 alipewa ruhusa ya masomo. Akahamia Kampala na mke wake Margaret na watoto, akaanza shahada nyingine Makerere, safari hii ya afya ya jamii. Mke alifurahi, na nani hangefurahi? Kampala hakuna anayerusha mabomu kwenye paa. Lacor ikabaki mikononi mwa Daktari Cyprian Opira.

Hapa wanafunzi wangu wa utabibu naomba msome polepole.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 7 Oktoba 2000, Opira alimpigia simu. Kulikuwa na ugonjwa usioeleweka, na wanafunzi wawili wa chuo cha uuguzi cha hospitali walikuwa tayari wamekufa. Wanafunzi, wapendwa. Vijana wa umri wa wale 19 waliokuja mbele hapa. Walikuwa wodini wakifanya kile ambacho mwanafunzi wa uuguzi popote hufanya: kugeuza mgonjwa, kumpangusa, kubadilisha shuka, kushika beseni anapotapika. Hakuna aliyewaambia kwamba kile walichokuwa wanapangusa kinaua, kwa sababu hakuna aliyejua.

Matthew aliacha masomo yake akafika Lacor jioni ile ile. Usiku huo akamwona mwanafunzi wa tatu akitapika damu na kufa. Hakulala. Yeye na Sista Maria Di Santo walitoa mafaili ya wagonjwa wote waliokufa kwa namna isiyo ya kawaida siku za karibuni, wakayapitia moja moja. Wakapata 17 wenye dalili zinazofanana. Akachukua vitabu vya mwongozo vya shirika la afya duniani na vya kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, akalinganisha. Akafikia jibu ambalo hakuna daktari anapenda kulifikia: hii ni homa ya kuvuja damu, na huenda ni Ebola.

Kisha hakungoja barua ipite ofisi moja hadi nyingine. Alimpigia moja kwa moja Daktari Sam Okware wizarani Kampala, aliyekuwa kamishna wa afya ya jamii. Wataalamu wa virusi walipofika kuchukua damu walikuta tayari ametenga wodi kufuatana na ule mwongozo. Sampuli zilipelekwa Afrika Kusini, na katikati ya Oktoba jibu likarudi kwamba ni Ebola kweli. Mungu alimtumia, ninaamini hivyo kwa moyo wote. Lakini angalieni alimtumia na nini: mafaili yaliyoandikwa vizuri, na mtu aliyekuwa tayari kuyasoma usiku kucha. Kijana anayeona kuandika faili la mgonjwa ni kazi ya kupoteza wakati, arudie aya hii.

Wodi ya kutengwa ilihudumiwa na waliojitolea. Kuingia mle kulikuwa na utaratibu: gauni, aproni, buti, kofia, barakoa, glavu juu ya glavu, miwani mikubwa ya kukinga macho, na dawa ya klorini kila mahali, ile jamaa ya Jik yetu ya nyumbani. Ebola haipiti hewani kama mafua. Inapita kwa majimaji ya mwili: damu, matapishi, jasho, machozi. Inaingia kwenye kidonda kidogo, mdomoni, puani, na machoni. Ndiyo maana hata mazishi yalibadilishwa. Mila ya kumwosha marehemu na watu kunawa pamoja ilikuwa inaua nyumba nzima. Pale kwenye hayo mavazi hakuna kitu ambacho ni pambo.

Na bado wahudumu walikufa. Mwishoni mwa Novemba, ndani ya siku moja, walikufa kadhaa na manesi walikuwa miongoni mwao. Waliobaki wakagoma. Asubuhi watu wa zamu hawakuripoti kazini, wafanyakazi wapatao 400 wakakusanyika katika ukumbi wa chuo cha uuguzi, wakisema hospitali ifungwe. Mimi niliwahubiri watu hawa kama waoga kidogo. Naomba msamaha. Walikuwa wamezika wenzao wiki baada ya wiki, na kila mmoja alikuwa na mama nyumbani.

Matthew alisimama mbele yao. Hakuwatishia kufukuzwa. Aliwaambia kwamba anayetaka kwenda aende, na kwamba yeye hataisaliti kazi yake. Aliwaeleza kwamba hospitali ikifungwa, ataondoka Gulu na hatarudi tena. Akawakumbusha ile Ijumaa Kuu alipotembea porini badala ya wengine. Walibishana naye saa nyingi. Mwisho wakaimba, na watu wakarudi wodini.

Hapo ndipo nilipokata. Nikaruka hadi kifo, nikasoma Yohana 15:13, nikaita vijana. Sehemu niliyoiruka ni hii.

Siku chache kabla ya mkutano ule, usiku wa kuamkia tarehe 20 Novemba, nesi mmoja wa kiume aliyekuwa amelazwa na Ebola alichanganyikiwa, akaamka kitandani akaanza kuyumbayumba ukumbini huku anakohoa damu. Muuguzi wa zamu aliogopa, na kwa haki kabisa, akaenda kumwamsha Daktari Matthew. Daktari alitoka usingizini. Alivaa gauni. Alivaa kofia, barakoa, buti, akavaa glavu mbili mbili. Akaingia, akamshika mgonjwa, akamsaidia kurudi, akampangusa. Yule nesi alikufa muda si mrefu baadaye.

Daktari Matthew hakuwa amevaa miwani.

Basi, ni hivyo tu. Mtu aliyewasimamia wengine wiki sita wasiguse hata kitasa bila glavu, usiku mmoja alikuwa amechoka na rafiki yake anakufa, na macho yakabaki wazi. Hakuna ajuaye kwa hakika tone liliingia saa ngapi, ila wenzake waliamini ni usiku huo. Imani yake haikuwa imepungua. Maombi yake hayakuwa na kasoro. Virusi havikuuliza.

Sasa nije kwa kambi yetu.

Bajeti ya kambi niliiandika mimi. Mnajua nimesomea mambo ya biashara na kanisa huniamini na hesabu. Nimeitoa tena kwenye kompyuta nikaiangalia. Hema na viti. Spika na jenereta. Tisheti 80 zenye nembo ya kanisa mbele na mstari wa Biblia nyuma, ili mtaa ujue nani amekuja kuwahudumia. Chakula cha wageni. Bango. Halafu chini kabisa, baada ya maji ya kunywa, glavu, maboksi mawili. Boksi moja lina glavu 100. Mbili ni 200, yaani jozi 100. Walikuja watu 340 siku ile, tukashangilia umati, tukapiga picha. Mtoto wa darasa la nne angeniambia shida iko wapi. Boksi moja la glavu lilikuwa bei ya chini kuliko tisheti mbili.

Saa sita kasorobo glavu ziliisha. Nilijulishwa. Nilikuwa nimeshika maikrofoni, nikasema tutatuma mtu wa boda dukani, kisha mgeni rasmi akafika nikasahau. Foleni ya kupima sukari ilikuwa imefika hadi barabarani, wazee wamesimama juani. Binti wa huyu mama yuko mwaka wa pili KMTC, anasomea utabibu. Wazee wetu wa Jericho na Makadara wanakumbuka zamani aliyeitwa daktari msaidizi, siku hizi ndiye tabibu, yule mtaani tunamwita CO. Binti akaona aibu kuwafukuza wale shosho. Akaendelea bila glavu. Anatoboa kidole, anaminya tone, anasoma mashine, anayefuata. Na kile chombo cha kutupia sindano zilizotumika, kile cha manjano, tulikuwa nacho kimoja tu na kilikuwa meza nyingine. Karibu na saa tisa kisindano kilichokwisha kutumika kilimchoma kwenye kidole gumba.

Hakumwambia mtu. Alimaliza foleni kwanza. Nimemuuliza kwa nini, akasema kwamba nilikuwa nimehubiri kuhusu kutosaliti kazi.

Usiku alimweleza mama. Mama hakungoja asubuhi, waliingia matatu usiku ule ule wakaenda hospitali. Wahudumu waliwapokea vizuri, wakampima, wakamwanzisha dawa za kuzuia virusi. Hizo dawa ni lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora zaidi, kisha unameza siku 28 bila kuruka. Zilimtesa. Alikuwa anatapika asubuhi, kisha anapanda gari kwenda chuoni. Vipimo vya kwanza havina neno, na bado kuna kimoja cha mbele anachokingoja. Sitaki mtu anipigie simu kuniambia ameota kwamba yuko salama. Mwombeeni, basi.

Mama aliniuliza swali moja tu ofisini. Aliuliza kama mimi, ningekuwa nimeshika kile kisindano, ningeendelea bila glavu. Nikamwambia hapana. Hakuongeza neno.

Nilipoachwa peke yangu nilifungua Wafilipi 2. Epafrodito alitumwa na kanisa kumhudumia Paulo gerezani, akaugua akiwa kazini, karibu afe. Paulo anawaandikia wampokee kwa furaha na kuwaheshimu watu wa namna yake, kwa sababu alihatarisha maisha. Wanaojua Kiyunani husema neno lile lina harufu ya mchezo wa kamari, mtu anayeweka roho yake mezani. Nimelihubiri neno hilo mara tatu katika kanisa hili. Kile ambacho sikuwahi kukiona ni kwamba Paulo hakufurahia kuugua kwake. Anasema Mungu alimhurumia Epafrodito, na alimhurumia yeye Paulo pia, asipate huzuni juu ya huzuni. Paulo angelia. Anamrudisha kijana nyumbani mapema ili wenyewe wamwone watulie. Na kinachoniuma ni kwamba hatari ile Epafrodito aliibeba ili kuziba pengo. Kule kwetu pengo lilitokana na bajeti yangu.

Nehemia naye, adui alipokaribia, aliomba na akaweka walinzi usiku na mchana. Mstari mmoja una yote mawili. Kuna ndugu aliniambia baada ya kambi kwamba damu ya Yesu inatosha, glavu ni za wasio na imani. Nilimwonyesha mstari huo. Nikamuuliza pia kama geti la kwake Umoja hulifunga usiku. Hulifunga, tena na kufuli mbili.

Narudi Lacor nimalize. Matthew alianza kuhisi homa karibu na tarehe 26 Novemba. Mwanzoni alidhani, au alitaka iwe, malaria. Siku chache baadaye kipimo kikaonyesha Ebola. Aliingia katika wodi ile ile aliyoitenga, akahudumiwa na wale wale aliowafundisha. Margaret alikuja kutoka Kampala. Alivalishwa gauni, glavu, barakoa na miwani kabla ya kuruhusiwa kuingia kwa mumewe, na Matthew mwenyewe, akiwa anaungua na homa, alimsihi asikae karibu sana. Mke hamgusi mume ila kwa mpira. Mle kitandani aliomba kwamba kama ni lazima afe, basi awe wa mwisho. Pale Lacor hakuna mhudumu mwingine aliyekufa na Ebola hiyo baada yake.

Alikufa tarehe 5 Desemba 2000, saa saba na dakika 20 usiku, akiwa na miaka 43. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri kando ya kaburi la Daktari Lucille. Waliobeba jeneza walikuwa wamevaa mavazi ya kujikinga kuanzia kichwani hadi miguuni, na mwingine alikuwa akinyunyiza klorini. Hakuna aliyevua kitu kwa sababu aliyekuwa ndani ni daktari mkubwa. Familia na wafanyakazi walisimama mbali. Mlipuko ulitangazwa kuisha Februari 2001. Watu 425 waliugua katika Uganda, na 224 wakafa. Piero Corti aliishi hadi 2003, naye akalazwa karibu na mke wake na yule kijana aliyetarajia amrithi.

Mimi mwaka ule wa 2000 nilikuwa shule ya msingi hapa hapa Eastlands. Nakumbuka redio ya baba ikitaja Gulu wakati wa chakula cha jioni, na mama akisema tunawe mikono, kana kwamba Gulu ni Mutindwa. Nilikuwa nacheka.

Kambi ijayo ni mwezi wa nane, Mungu akipenda. Wazee wamekubali, baada ya mabishano kidogo, kwamba hakutakuwa na tisheti. Bajeti ya vifaa sasa inaandikwa na yule binti pamoja na muuguzi mmoja mstaafu wa kanisa letu, na mimi naletewa kusaini tu. Wameweka glavu maboksi 12, vyombo vya manjano sita, aproni, sabuni, na miwani ya kukinga macho kwa watakaoshughulikia vidonda na meno. Wameweka pia sharti kwamba glavu zikiisha kambi inafungwa saa hiyo hiyo, hata mgeni rasmi akiwa amesimama na maikrofoni. Sharti hilo limepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu, na naujua mwandiko wa nani.

Wanaotaka kujitolea wajiandikishe kwa muuguzi, si kwangu. Kutakuwa na mafunzo Jumamosi mbili kabla ya kambi, na asiyehudhuria hatapewa meza. Wazazi wa vijana wanaalikwa mafunzo ya kwanza. Mama yule amesema atakuja na kiti chake.